Bunduki ya Bwana Nyama

George Rushby alipofika Njombe mwaka 1946 hakuwa mgeni wa bunduki. Kabla ya kuajiriwa na Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika alikuwa ameishi miaka mingi kwa pembe za ndovu, mara kwa leseni, mara bila leseni, na alikwisha kuona silaha za viwanda vingi vya Ulaya zikifanya kazi na nyingine zikigoma. Safari hii alitumwa kuua simba. Tangu mwaka 1932 hivi, simba wa nyanda za Wanging'ombe na upande wa Rujewa walikuwa wamezoea kula watu. Rushby mwenyewe alikadiria kwamba hadi mwaka 1947 walikuwa wameua watu zaidi ya 1,500. Hakuna daftari la majina lenye hesabu hiyo, na wapo wanaoiona imetiwa chumvi. Lakini hata ukiikata nusu bado ni msiba ambao haujapata kifani katika habari za simba wala watu popote duniani. Wale wa Tsavo, waliosimamisha ujenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898, ni wadogo mbele yao.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao. Simba hawa, walisema, ni wa Matamula Mangera, jumbe aliyevuliwa ujumbe, na hawatakoma mpaka arudishiwe cheo. Rushby alikuwa na maelezo mengine: serikali ilikuwa imefyeka wanyama wa porini kwa bunduki ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usishuke kusini, na simba waliokosa swala na pofu wakahamia kwa binadamu. Kwa maelezo hayo ya pili, bunduki ndiyo iliyoanzisha balaa kabla ya kuitwa kulimaliza. Rushby na askari wake walihangaika mpaka mwaka 1947, yeye akawaua simba 15, na baadaye akayaandika hayo katika kitabu chake No More the Tusker kilichotoka mwaka 1965.

Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi, na kila mara huangukia kwenye uchawi au ushujaa. Mimi huvutwa na upande mwingine. Simba mla watu hakungoji. Hutokea kwenye majani marefu, hatua chache mbele yako, na unachokipata ni risasi moja, ukibahatika mbili. Wakati huo huna la kufanya kuhusu ubora wa silaha uliyoshika. Umekwisha kuamuliwa zamani, na watu usiowajua, katika mji usioufahamu. Fundi aliyekata chuma, mkaguzi aliyegonga mhuri, mama wa kiwandani aliyejaza baruti katika ganda: hao wote wako nawe pale kichakani. Je, mtu wa Njombe aliyepewa bunduki moja kati ya maelfu zilizofanana alijuaje kama hii ya kwake italia?

Kwa muda mrefu hakujua. Bunduki za mwanzo kufika nyanda hizi zilipanda na misafara ya pwani, Kilwa hasa, na nyingi zilikuwa gobore za kushindiliwa kwa mdomo, zilizotengenezwa Birmingham na Liège kwa ajili ya soko la Afrika. Sifa ya bidhaa za soko hilo ilikuwa mbaya hata kwao. Katika miaka ya 1760 mheshimiwa mmoja wa Uingereza, Lord Shelburne, alipita viwanda vya Birmingham, akashangaa kuona kwamba bunduki zilizokuwa zikipelekwa pwani ya Afrika Magharibi kwa maelfu zimeundwa hovyo kiasi kwamba zaidi ya nusu yake, kwa maoni yake, zingepasuka mkononi mwa mtu wa kwanza kuzifyatua. Huo ndio udhibiti wa ubora tulioanzia: mnunuzi yuko mbali, hajui kusoma mhuri, na hana mahali pa kurudisha kilichoharibika.

Mwaka 1813 Bunge la Uingereza liliidhinisha nyumba ya majaribio pale Birmingham. London walikuwa nayo tangu karne ya 17, chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopata hati ya mfalme mwaka 1637. Utaratibu wake haujabadilika sana hadi leo. Mtutu hushindiliwa baruti kuzidi kipimo cha kawaida, hufungwa mahali pasipo na mtu, hufyatuliwa kwa mbali. Ukipasuka, fundi amekula hasara. Ukistahimili, hukaguliwa kwa jicho na kwa kipimo, kisha hugongwa alama ya taji na herufi. Nchi za Ulaya ziliunganisha taratibu zao kuanzia mwaka 1914, kwa shirika linalojulikana kwa herufi zake, CIP. Anayeokota bunduki kongwe leo na kugeuza mtutu wake kwenye mwanga ataziona alama hizo chini, karibu na chemba.

Sasa hapa watu wengi hukosea. Mhuri ule unasema jambo moja tu: mtutu hautakuua wewe mwenyewe. Hausemi kwamba bunduki italenga sawasawa, wala kwamba springi haitalegea, wala kwamba risasi ya pili itaingia chemba bila kukwama. Na hausemi lolote kabisa kuhusu risasi utakayoitia humo baada ya miaka minane. Ukiifuatilia historia ya silaha katika nchi hii, utaona chuma kimetuangusha mara chache. Kilichotuangusha mara kwa mara ni risasi.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliliona hilo mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliuangamiza msafara wa Mjerumani Emil von Zelewski, wakajipatia bunduki za kisasa zipatazo 300 kwa asubuhi moja. Wengi wa waliouawa waliuawa kwa mkuki, kwa sababu mkuki hauna cha kukwama. Zile bunduki zilikuwa mali nzuri kutoka viwanda vya Ujerumani, na kila moja ilikuwa imepita mikono ya mkaguzi. Lakini zilikula risasi za ganda la shaba, na ganda la shaba halifuliwi na mhunzi wa kijijini. Gobore humeza baruti yoyote na kipande chochote cha chuma. Bunduki ya kiwandani humtumikia mwenye kiwanda cha risasi. Mkwawa alikuwa na bunduki nyingi kuliko risasi za kuzilisha, na ngome yake ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894.

Miaka 11 baadaye, Septemba 1905, Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, kusini ya Njombe, alikokuwa mmisionari Paul Gröschel. Ahadi ya maji ya Vita vya Maji Maji inajulikana: risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Tumezoea kuiangalia ahadi hiyo kama imani tupu. Lakini waliokwisha kutumia baruti ya biashara, iliyolowa njiani kutoka Kilwa, iliyochanganywa na mkaa wa kuongezea uzito, walikuwa wameona mara nyingi bunduki ikigonga bila kulia. Risasi kushindwa lilikuwa jambo la kila siku kwenye gobore zao. Walichokadiria vibaya ni zile za upande wa pili, zilizotoka kwenye sanduku lililofungwa kiwandani, zikalia moja baada ya nyingine.

Wajerumani nao zamu yao ilikuja. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa jeshi lao la huku walikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi. Kila ukiipiga inatoa wingu la moshi jeupe, na adui hahitaji kukutafuta. Kamanda wao, Von Lettow-Vorbeck, alikuwa akililia shehena mpya. Aprili 1915 meli iliyojificha kwa bendera isiyo yake, Rubens, ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki mpya 1,800 hivi na mamilioni ya risasi. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaipiga pale pale ghubani. Meli ikakaa chini, lakini shehena ikaopolewa, risasi zikiwa zimelowa maji ya chumvi.

Kilichofuata ni ukaguzi wa ubora mkubwa kuliko wowote uliopata kufanyika Afrika Mashariki, na ulifanyika chini ya miti. Risasi zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, maganda yakasuguliwa, kisha zikafungwa upya. Kila fungu lilijaribiwa: ngapi zimelia, ngapi zimegonga kimya. Zilizokuwa na kasoro nyingi zikawekwa kando kwa mazoezi ya shabaha. Hata hivyo askari waliendelea kulalamika kuhusu risasi zilizokufa. Bunduki zenyewe, Mauser za mwaka 1898 kutoka viwandani, hazikuwa na tatizo lolote. Chumvi iliyaacha machuma, ikala fataki ndogo kwenye kitako cha risasi. Novemba 1916 kikosi cha Luteni Kanali Hübner kilipojisalimisha pale Ilembula, katika wilaya ambayo leo ni Wanging'ombe, kilichokuwa kimekiishia zaidi ni chakula na njia ya kutokea. Vita vya nyanda hizi viliamuliwa na maghala na wapagazi kuliko ubora wa mitutu.

Ile Mauser ya 1898, lakini, ndiyo iliyobaki, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu karibu kila bunduki nzuri ya kuwindia iliyopita mikononi mwa Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, wa Tanganyika ilikuwa mtoto wake. Ufunguo wake uko kwenye kipande kimoja cha chuma, kirefu kama kidole cha kati, kilicholala ubavuni mwa bolti. Ni ndoana. Risasi inapopanda kutoka magazini, ndoana hiyo huidaka kwenye ukingo wa kitako chake kabla haijaingia chemba, na haiiachii mpaka ganda tupu litupwe nje. Ukiwa na hofu ukavuta bolti nusu, ukairudisha, ukavuta tena, bunduki nyingi zitajaribu kuingiza risasi mbili kwa pamoja na kukwama. Hii haikwami hivyo, kwa kuwa risasi ya kwanza ama iko chemba ama imetoka. Hata ukiishika kichwa chini, miguu juu, inakula. Simba aliyekurukia atakukuta katika mkao wowote.

Mafundi wa London walinunua bolti na viungo hivyo kutoka kiwanda cha Mauser pale Oberndorf, wakavifunga mitutu yao. W. J. Jeffery akatoa risasi ya .404 mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo iliyokuja kuwa bunduki ya kazi ya idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya. Ilikuwa na nguvu ya kumwangusha tembo, haikuwa na bei ya zile bunduki za mitutu miwili za mabwana wakubwa, na haikuchagua mshikaji. Askari wa gemu aliipokea asubuhi, akairudisha jioni, kesho akaichukua mwenzake. Bunduki inayobembelezwa na mtu mmoja haijathibitika kitu. Iliyopita mikono ya askari 20, ikafutwa kwa kitambaa cha kaniki kilicholowa mafuta yoyote yaliyopatikana, ikapakiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi kati ya Makambako na Njombe, na bado inalia, hiyo imekaguliwa.

Kilichoiua .404 hakikuwa chuma. Katika miaka ya 1960 Kynoch wa Birmingham, waliokuwa wakitengeneza risasi hizo pamoja na karibu jamii yote ya risasi kubwa za Kiingereza, walianza kuachana na biashara hiyo. Tanganyika ilikuwa imejitawala, matajiri wa safari za uwindaji walikuwa wanapungua, hesabu za kiwanda zikawa haziingii. Bunduki zikabaki kwenye rafu za idara, nzima, zenye ndoana kali, zikingoja chakula kisichokuja.

Pengo likazibwa na Marekani. Mwaka 1956 Winchester walitoa risasi ya .458 na bunduki yao ya Model 70 ya kuipiga, bei nafuu, mali ya kiwanda kikubwa kwelikweli. Idara za wanyamapori za Afrika zikaipokea kwa mikono miwili. Kwenye karatasi ilifanya kazi ya mtutu mkubwa wa London kwa sehemu ndogo ya gharama. Kisha malalamiko yakaanza kuja kutoka porini. Ganda lile lilikuwa fupi, kwa hiyo baruti ilishindiliwa humo kwa nguvu. Ikikaa ghalani miaka kadhaa, hasa penye joto, iligandamana kama sukari guru. Fataki inawaka, donge linashika moto upande mmoja tu, risasi inatoka kwa uvivu. Mwindaji hasikii kitu cha ajabu isipokuwa mlio mdogo kidogo, na nyati haanguki. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, aliishia kubuni ganda refu zaidi mwaka 1971 lenye jina lake. Kiwanda nacho kilirekebisha baruti baadaye.

Kasoro ya namna hiyo hainaswi na mkaguzi. Risasi iliyotoka kwenye mashine New Haven au Illinois ilikuwa nzuri siku ile. Ukiipiga siku ile, inapita mtihani. Iliharibika ikiwa imekaa, katika ghala la bati ambalo mkaguzi hakupata kulifikiria. Kwetu Njombe baridi ya Juni na Julai huenda iliipunguzia makali kuliko Rujewa bondeni, lakini baridi nayo ina ubaya wake. Bunduki iliyokesha nje kwenye umande, ikaingizwa ndani kwenye moto, hutoa jasho, na jasho hilo hujipenyeza pale panapokaa springi ya pini.

Winchester hao hao ndio waliotoa somo kubwa kuliko yote kuhusu kutengeneza kwa wingi. Gharama za mafundi zilipopanda, mwaka 1964 waliibadilisha Model 70. Ndoana ndefu ikaondolewa, ikawekwa kishikizo kidogo. Michoro ya kwenye mti, iliyokuwa ikichongwa kwa mkono ili isiteleze, ikawa inabanwa kwa mashine. Kati ya mti na mtutu ukaachwa mwanya unaoonekana kwa macho. Kwa kipimo cha shabaha, bunduki mpya haikuwa mbaya. Wapo waliosema inalenga vizuri zaidi. Wawindaji hata hivyo waliikataa, wakaanza kutafuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo, na bei yake haijashuka mpaka leo. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kwa ndoana kurudi. Wakati huohuo, Brno ya Chekoslovakia, nchi ya kijamaa yenye kiwanda cha serikali, iliendelea kutoa bunduki nzito za ZKK, sura ya kinyonge, umaliziaji wa kawaida, zenye ndoana mahali pake. Wawindaji wa kulipwa wa Afrika waliziamini. Katika jambo hili kiwanda cha ujamaa kilimshinda kibepari kwa sababu ya kuchekesha kidogo: hakikuwa na haraka ya kupunguza gharama.

Kuna kasoro mbaya kuliko bunduki kutolia, nayo ni kulia bila kuambiwa. Remington walitoa Model 700 mwaka 1962, na imeuzwa kwa mamilioni. Ndani ya kifyatulio chake cha zamani mlikuwa na kipande kidogo kisichofungwa imara kwenye wenzake. Taka ikiingia, au mafuta yakiganda, kipande kilikataa kurudi mahali pake, na kuna watu waliodai kwamba bunduki ililia walipoondoa kizuizi cha usalama au walipogusa bolti tu. Kesi ziliendelea miongo kadhaa, mpaka mahakama za Marekani zikaidhinisha mapatano yaliyohusu bunduki zipatazo milioni 7.5. Kilichonishangaza zaidi ni kilichotokea kwa kifyatulio kipya, kilichobuniwa kuondoa aibu hiyo. Aprili 2014 kampuni iliita zirudishwe zote zilizotengenezwa tangu Mei 2006. Sababu ni gundi. Kwenye mstari wa kuunganishia, gundi ya kuzuia skrubu isilegee iliweza kuzidi. Miaka minane ya uzalishaji, tone moja la gundi.

Wakati viwanda vikigombana na matone, vijijini Ubena gobore halijafa. Nguruwe pori hawangoji leseni, na mkulima wa viazi au mahindi pembezoni mwa msitu anajua usiku mmoja unatosha kummaliza. Mhunzi huchukua bomba la maji au chuma cha usukani wa gari, huchonga kitako cha mti, hutia springi. Baruti hukorogwa, wakati mwingine kwa vichwa vya viberiti, na risasi ni vipande vya nondo. Ni kosa la jinai kulimiliki bila kibali, na kampeni za polisi za kusalimisha silaha kwa hiari hukusanya magobore kwa wingi. Siyatetei. Mtutu wa bomba la maji haukupitia nyumba yoyote ya majaribio, na wapo waliopoteza vidole na macho. Lakini mwenye gobore ana desturi moja ambayo mwenye bunduki ya dukani hana: hamwamini aliyelitengeneza. Kwa mara ya kwanza hulifunga kwenye mti, huvuta kamba akiwa nyuma ya mti mwingine. Ni Birmingham ya mwaka 1813, ikifanyika shambani.

Tanzania haimo katika nchi za CIP. Anayenunua bunduki ya kuwindia iliyokwisha kutumika, kwa kibali chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, anasoma mihuri ya nchi nyingine, iliyogongwa pengine kabla hajazaliwa. Wanaojua kazi hii hawaanzi na mtutu. Kwanza huhakikisha chemba iko tupu, kisha huvuta bolti, wakasukuma kizuizi cha usalama mbele na nyuma mara nyingi, wakapiga kitako cha bunduki chini kwa kishindo, kuona kama pini itaanguka yenyewe. Baada ya hapo ndipo huenda kwenye kiwanja cha shabaha, wakajaza magazini, wakapiga zote kwa kasi, mara bunduki imelala ubavu, mara mdomo uko juu. Huokota kila ganda na kutazama alama ya pini katikati ya fataki: iwe ya kina kimoja kwa zote. Ikiwa moja ni nyepesi kuliko wenzake, springi imechoka au kuna uchafu ndani. Risasi hununuliwa za sanduku moja, lenye namba moja ya fungu, na angalau robo ya sanduku hupigwa kwenye karatasi kabla ya moja kupigwa kwa mnyama. Zilizobaki huandikwa tarehe ya kununuliwa, kwa kalamu ya wino, juu ya sanduku.